Kreni Avuka Ubao

Bega la Hilario Mwalongo lilitegushwa na nguruwe. Ukweli huo waliujua wanne tu: Hilario mwenyewe, mkewe Germana, shemeji yao wa Igwachanya mwenye nguruwe, na nguruwe, ambaye aliliwa wiki hiyo hiyo kwenye sherehe ya kipaimara na hakupata nafasi ya kutoa ushahidi. Watu wengine wote wa Makambako waliambiwa kwamba Hilario alibeba magunia mawili kwa mpigo. Walikubali bila kuuliza, maana mtu akishaitwa Kreni watu hawatarajii aumizwe na kitoweo. Nguruwe alikurupuka wakati wa kupakiwa kwenye pikapu, shemeji akaachia kamba kama mtu mwenye akili, Hilario akakataa kuachia. Ndiyo hadithi yote.

Jina la Kreni alipewa kwenye uwanja wa viazi, kule yanakopakia malori ya Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kuli wa lumbesa. Lumbesa, kwa asiyeijua, ni gunia lililojazwa likashiba, kisha likaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonewa wavu, ili mkulima auze gunia na nusu kwa bei ya gunia moja na bado aseme asante. Imepigwa marufuku mara nyingi, na kila ikipigwa marufuku inanenepa. Mizani haiisogelei, kwa sababu mizani ingeleta maswali. Inapimwa kwa jicho la mnunuzi na mgongo wa kuli.

Makuli wa uwanja ule wana vizibao vyenye namba, na asiye na kizibao ni kibarua wa kuokota kilichobaki. Mwenye kizibao akiumia, namba yake inatundikwa msumarini kwa nyapara kwa miezi mitatu. Kabla miezi haijaisha lazima avuke ubao: abebe lumbesa moja mbele ya wenzake wote, apande nayo ule ubao mrefu unaotoka chini hadi juu ya bodi la lori, aitue huko. Akivuka, amerudi. Asipovuka, kizibao kinapata mgongo mwingine. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu yeyote, na ndiyo maana hakuna anayeweza kuibadilisha.

Namba saba ya Hilario ilitundikwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mwezi wa sita ulipoingia, na baridi yake, nyumba nzima ilikuwa ikihesabu siku.

* * *

Kule Igwachanya walimwita kwanza mzee mmoja anayeunga mifupa, akalivuta bega kwa goti na maombi hadi Hilario akaona nyota saa saba mchana. Lilirudi mahali pake, au karibu na mahali pake. Germana hakuridhika. Alimpeleka Njombe hospitalini, na baada ya wiki za kufungwa mkono kifuani, akakabidhiwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hilario alitegemea kukutana na mwanamume mwenye shingo. Akakutana na Devota, binti mwembamba aliyevaa sweta mbili, ambaye angeingia ndani ya lumbesa na nafasi ingebaki.

Devota alimpima, akaandika, kisha akafungua kabati na kutoa chupa ya maji ya nusu lita.

"Hii ni ya nini, dokta?" aliuliza Hilario.

"Ya kunyanyua."

"Baada ya kuinywa?"

"Ikiwa imejaa, kaka. Ukiona nzito, punguza maji."

Hilario alimtazama mkewe ili wacheke wote. Germana hakucheka, alikuwa anaandika mkononi kwa kalamu. Devota akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtu anayejifanya hasikii. Nyama na kano zinazoshika bega zilikuwa zimelegea na lazima zifundishwe kazi upya, kuanzia kidogo. Kwanza kuinama na kuuacha mkono uning'inie, uzunguke wenyewe. Kisha kusukuma ukuta. Kisha kuvuta mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Kisha chupa. Mizigo mizito, labda baada ya miezi sita, na hapo kidogo kidogo.

"Vile mnavyonyanyua mikono kushika masikio ya gunia nyuma ya shingo," alimalizia, "ndiyo njia yenyewe bega linayotokea. Likitoka mara ya pili, kaka, litazoea. Utakuwa unavaa shati, linatoka. Unageuka kitandani, linatoka. Hapo usizungumze habari ya gunia, hata jembe utaliaga."

Hilario aliitikia kwa adabu zote. Moyoni alisema kwamba binti huyu mzigo mzito aliowahi kubeba ni mkoba wake.

* * *

Nyumbani kwao Mwembetogwa mazoezi yalifanyika pazia likiwa limeshushwa. Wengine hushusha pazia wakila nyama, Hilario alishusha pazia akinyanyua nusu lita. Germana alibandika karatasi ukutani, akawa anasimama pembeni na kuhesabu: kumi na tano, pumzika, kumi na tano tena, usikaze shingo. Mwanaume aliyepanda ubao na kilo mia na thelathini alitoka jasho kwa chupa, akasingizia kwamba maji ya chupa ile yalikuwa ya Njombe, yana baridi.

Wanajumuiya wa kanisani walikuja kumwona. Walileta sukari kilo moja na ushauri kilo mia. Mmoja alisema apake mafuta ya nyoka, mwingine alisema tatizo ni ule ulanzi, pombe ya mianzi, alioacha kunywa, mwingine alisema bega halina shida yoyote, shida ni mawazo. Wote walikubaliana kwamba mazoezi ya hospitali ni ya Wazungu, ambao hawana kazi. Hilario aliwapenda sana siku hiyo. Asubuhi yake alimwomba Germana hela ya kunyoa, na akaomba akiwa anatazama dirishani.

Maana Germana ndiye aliyekuwa anakwenda kazini. Yeye na wenzake walikuwa wajazaji: wanachambua viazi, wanajaza, wanashona kilemba kwa shazia na kamba ya katani. Kwa hiyo kila asubuhi mke alikwenda kuyatengeneza magunia, na mume alibaki na chupa. Majirani hawakusema kitu, na walikuwa hawasemi kitu kwa sauti kubwa.

Jambo lilikuwa linaendelea vizuri, na hapo ndipo Shedrack alipokuja kumjulia hali. Shedrack alikuwa kibarua asiye na kizibao, na kila Jumapili alimwombea Hilario apone, kwa sala isiyo na haraka. Alibisha hodi na kuingia kwa pamoja, kama wafanyavyo watu wenye mapenzi mema. Akamkuta Kreni ameinama mezani, mkono umening'inia, unazunguka taratibu, na chupa pembeni ikisubiri zamu yake. Hakucheka. Alisema pole, akanywa chai, akaaga vizuri kabisa.

Kesho yake Hilario alipita uwanjani kumpelekea mkewe chakula. Makuli thelathini waliacha kazi, wakasimama mstari mmoja, kila mmoja akanyanyua chupa ya maji juu, wakahesabu kwa pamoja mpaka kumi na tano. Nyapara Elius naye alihesabu, kwa sauti ya kanisani. Ilikuwa ni utani, na makuli hutaniana hadi msibani, lakini Hilario alisimama pale na bakuli la makande mkononi, na masikio yakamwaka.

"Jumamosi," alisema. "Jumamosi nitavuka."

* * *

Germana alimsihi siku nne. Alianza na upole, akaenda kwenye hasira, akamaliza na machozi. Alimwambia kuwa ilikuwa wiki ya kumi na mbili tu. Hilario alijibu kwamba ndiyo maana yake, wiki ijayo miezi mitatu inakwisha na kizibao kinakwenda kwa Shedrack. Alimwambia bega likitoka tena ndiyo basi. Alijibu kwamba bega ni lake. Alimtajia asiyesikia la mkuu, akajibiwa kwamba huyo huvunjika guu, na kuhusu bega methali haikusema kitu.

"Na mimi nikiwa na mume asiyeweza kuvaa shati, nitaliambia nini tumbo la mwanetu Angela?" aliuliza Germana.

"Na mimi nikiwa mwanaume wa chupa, nitamwambia nini?"

Alhamisi Germana alipanda gari kwenda Njombe peke yake, akamweleza Devota kila kitu, hata ubao, hata kizibao. Devota alishika kichwa. Akasema kama ni lazima kabisa mtu yule abebe kitu Jumamosi, kisizidi ndoo mbili za viazi, na mkono usipande juu ya sikio. Kisha akasema hapana, afadhali asibebe kabisa. Lakini Germana alikuwa ameshasikia neno ndoo, na neno hilo halikumtoka tena njia nzima hadi Makambako.

Kwa sababu wajazaji wana ndoo yao. Ni ndoo ya plastiki iliyokatwa tako, imebaki kama bomba. Unaisimamisha katikati ya gunia tupu, unapanga viazi vikubwa vizuri kuizunguka, ndani ya ndoo unamwaga takataka: viazi vidogo kama gololi, vilivyochubuka, vya kijani. Unaivuta ndoo juu kidogo, unapanga tena, unamwaga tena. Gunia likijaa unaitoa, na mnunuzi atoboe ubavu wowote anaotaka, atakutana na kiazi kizuri kinamtabasamia. Kila mjazaji anaijua ndoo hiyo. Ukiwauliza, hakuna aliyewahi kuiona.

Germana alimweleza mjazaji mwenzake, Beatha. Safari hii ndani ya ndoo hazitamwagwa takataka. Watajaza nyasi kavu.

Beatha alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hacheki. Mpango ulikuwa rahisi, na uwanja ulikuwa upande wao. Gunia la kuvukia hujazwa asubuhi ile ile juu ya meza ya kutwikia, kuli anageuza mgongo na kulichukua mwenyewe, kwa hiyo hakuna mikono mingine inayoligusa. Juu ya lori anayepokea na kupanga alikuwa Lenard, mume wa Beatha, na Lenard hufanya anachoambiwa. Hilario akishavuka na kuvaa kizibao, ana haki ya zamu ya mwezi mzima langoni, kukaa kwenye kiti na kuandika namba za malori. Mwezi ukiisha, Beatha angemsukuma mumewe amwombee mwingine. Hivyo bega lingepata muda wake, na namba ingebaki nyumbani. Hilario mwenyewe hakuambiwa. Germana alimjua mumewe: angekataa.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa kama kuna mchango wa harusi. Wauza chai walikuja, madereva walishuka kwenye malori yao. Germana na Beatha walijaza gunia mbele ya macho ya watu wote, na watu wote, ambao kazi yao ni kudanganya na magunia au kudanganywa nayo, hawakuona chochote. Walisifu tu kilemba chake. Lilikuwa gunia zuri, pana, limevimba mbavu, viazi vikubwa vinachungulia kwenye wavu. Germana alipokuwa anamalizia kushona alijichoma na shazia mara mbili.

Hilario alivua koti. Aligeuza mgongo, akarudi nyuma hadi gunia likamgusa shingoni, akanyanyua mikono polepole kushika masikio ya gunia. Alisimama hivyo kwa muda, kichwa chini. Watu walidhani anasali. Halafu akainuka.

Alikwenda hatua kwa hatua, akikunja magoti. Ubao ulilalamika kidogo kuliko kawaida yake, lakini upepo wa Makambako ulikuwa unavuma na nani anasikiliza ubao. Juu, Lenard alilipokea gunia. Lenard, ambaye hajawahi kupewa hata nafasi ya mchungaji kwenye igizo la Krismasi, aliguna, akayumba, akashika kiuno, akafuta jasho ambalo halikuwapo, hadi Beatha akafumba macho kwa aibu. Lakini ilitosha. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Elius akakitoa kizibao namba saba msumarini, akampa mbele ya watu, akasema kuwa Kreni ni Kreni. Shedrack alipiga makofi mawili, akayahesabu yote.

Germana alikaa juu ya ndoo na kupumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Ilikuwa imekwisha. Mume alikuwa mzima na kizibao alikuwa nacho mkononi.

"Bado," alisema Hilario.

Hakukivaa. Alikitundika tena msumarini mwenyewe, akaenda kwenye meza ya pili, kulikokuwa na lumbesa ya watu wengine, iliyojazwa na wajazaji wengine, viazi hadi moyoni. Akageuza mgongo.

Watu walishangilia zaidi. Elius alisema si lazima, kwa sauti ya mtu anayependa iwe. Hilario alikuwa ameshanyanyua mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa unapanda, na Germana aliona uso wake ukibadilika rangi hata kabla gunia halijamlalia. Alikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Akikaa kimya, labda atainuka, labda ataishia njiani, labda bega litatoka pale pale mbele ya wauza chai. Akisema, bega litabaki na vingine vyote vitaondoka. Hakuchukua muda mrefu kuchagua.

"Baba Angela, usiliguse," alisema. "Lile la kwanza lilikuwa nyasi. Nililijaza nyasi mimi."

Hakupiga kelele, lakini kila mtu alisikia. Elius alipanda ubao na kisu, akalipasua lile gunia zuri tumboni. Nyasi zikamwagika, upepo ukazichukua, zikawapitia watu wote usoni. Walicheka. Walicheka hadi madereva wakashikana. Lenard aliulizwa, akajibu kwamba yeye alipokea tu alichopewa. Beatha alifungua mdomo, Germana akamkazia macho aufunge. Hakukuwa na haja ya kuzamisha nyumba mbili.

Kisha Elius akatoa hotuba. Alisema kwenye uwanja ule hawawezi kuvumilia udanganyifu wa magunia. Alisema biashara ya viazi ni uaminifu. Aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya lumbesa mia na hamsini, zenye takataka tumboni na vilemba kichwani, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo linanishangaza mpaka leo. Namba saba ilikwenda kwa Shedrack, ambaye alisema amesikitika. Germana aliambiwa akabidhi shazia na asionekane tena pale na sindano ya aina yoyote.

* * *

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mumewe nyuma. Walipita dukani ambako habari ilikuwa imeshafika kabla yao, wakasalimiwa "kamwene" kwa furaha isiyo ya kawaida. Walivuka reli. Germana alijiandaa kwa matusi na hayakuja. Hilario alikuwa anatembea tu, koti begani, akitazama chini.

Mwisho Germana hakuvumilia. Aligeuka akasema ndiyo, amemwaibisha, amwambie basi. Lakini angekaa kimya, bega lingekwenda. Alisema hakujua nyasi zingempa kichwa, zimfanye ajione amepona hadi atake lingine.

"Hazikunipa kichwa," alisema Hilario. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Lilipogusa shingo tu. Miaka kumi na moja, Mama Angela. Unadhani sijui uzito wa nyasi?"

Germana alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampigia honi, hakusogea. Alimuuliza, polepole, kama alijua, kwa nini hakukichukua kizibao akanyamaza. Kilikuwa mkononi mwake. Lenard asingesema, Beatha asingesema. Uwanja mzima ulikuwa umeamini. Lile la pili alitaka kulibeba kwa ajili ya nani?

"Wewe ulijua," alisema Hilario.

Germana alitaka kumpiga. Angempiga kweli, ila aliona bega lile, na bega lile lilikuwa kazi yake ya miezi mitatu. Machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko huruma, akayaacha yatiririke watu wakiona.

"Mimi?" alisema. "Mimi niliyekuogesha? Niliyekufunga mkanda wa suruali, niliyekupeleka chooni usiku ukilia? Mimi ndiye uliyetaka nisijue huna nguvu?"

Hilario alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo hakuwa na kazi, hakuwa na jina, mkewe naye hakuwa na kazi, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kudanganya.

"Wewe hasa," alisema.